Ng'ombe wa Pongwe hapandi basi la Morogoro

Shangazi yangu wa Pongwe, hapa Tanga, alikuwa na ng'ombe wawili na nusu. Nusu ni ndama aliyemlea kwa ubia na jirani. Wawili walikuwa wake halali, machotara wa maziwa, na ndio waliosomesha watoto. Mwaka juzi mmoja wao, mtamba wa uzao wa kwanza, alishikwa na uchungu baada ya isha. Saa nne usiku ukatoka mguu mmoja. Saa sita ulikuwa bado ni mguu uleule mmoja. Aliyewahi kufuga anajua maana yake, kwa sababu ndama hutakiwa aje na miguu miwili ya mbele, pua imelala juu yake, kama mtu anayepiga mbizi.

Simu ya bwana mifugo ilipokelewa alfajiri. Kijana alikuja mbio, kwa pikipiki yake na mafuta aliyoyanunua mwenyewe. Akavua shati, akapaka sabuni mkono mpaka begani, akauingiza. Akakaa kimya kitambo. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeungama, "Mama, kichwa kimegeukia nyuma. Hii mimi nimeiona ubaoni tu."

Adhuhuri ndama alivutwa na wanaume wanne, akiwa amekufa. Mama yake hakusimama tena. Siku ya tatu akaja mchinjaji na bei yake ya msibani, shangazi akapokea bila kuhesabu.

Chuo alikosoma kijana yule sikitaji, wala simlaumu yeye. Alifanya alichoweza, na kukiri kwake kulikuwa na uungwana kuliko maneno mengi niliyoyasikia kwa wenye vyeo. Ninachojiuliza tangu siku ile ni hiki: kabla hajakabidhiwa cheti, alikuwa ameshika vichwa vingapi vilivyogeuka?

Nalileta swali hili sasa kwa sababu elimu yetu ya juu imo katika msimu wa kujenga. Mradi wa kuboresha elimu ya juu, HEET, peke yake, wa dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia, umepeleka mafundi na zege kwenye vyuo vikuu vya umma pembe zote za nchi. Hapa kwetu Chuo Kikuu Mzumbe kimefika mpaka Mkinga. Na kila inapotajwa tiba ya wanyama, kinachotajwa mara moja ni jengo: hospitali kubwa zaidi, maabara ya ghorofa, ukumbi wa upasuaji wenye taa za kisasa. Sina ugomvi na taa. Ila mwanafunzi wa udaktari, awe wa watu au wa mifugo, hafundishwi na ukuta. Anafundishwa na mgonjwa, huku mwalimu amesimama nyuma yake. Ukipanua ukuta bila kuongeza wagonjwa, umewapanulia wanafunzi nafasi ya kupiga foleni.

Kozi ya udaktari wa mifugo ilianza Morogoro mwaka 1976, wakati huo ikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1984 Sokoine kikawa chuo kikuu kamili cha kilimo na kuirithi, na kwa miongo mingi huko ndiko anakotoka daktari wa mifugo wa Tanzania. Ni miaka mitano ya masomo, na hospitali ya wanyama iko palepale chuoni. Nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Kwa hesabu za haraka mtu angedhani wagonjwa wamejaa mpaka barazani.

Lakini mgonjwa wa daktari wa mifugo ana tabia yake. Hospitali ya watu ikiwekwa mahali, watu huifuata. Mgonjwa atabebwa kwa bodaboda, kwa machela, hata mgongoni mwa ndugu. Ng'ombe wa kilo 400 aliyelala chini habebwi na mtu. Kutoka Tanga mjini hadi Morogoro, kwa kupitia Segera na Chalinze, ni zaidi ya kilomita 300, na hakuna mfugaji wa ng'ombe wawili atakayekodi lori la mwendo huo kumpeleka mnyama ambaye huenda akafia Wami. Wanaofika hospitalini wenyewe ni wale wanaoenea kwenye gari: mbwa wa ulinzi wa mwenye nyumba ya geti, paka, mbuzi aliyefungwa miguu kwenye buti. Hao nao ni wagonjwa, tena wengi wanalipa vizuri. Ndiyo maana zahanati ya mifugo yoyote inayopanuliwa bila mpango, iwe hapa au ng'ambo, huelemea taratibu upande wa mbwa. Hakuna anayekaa mezani kuamua hivyo. Mlango ndio unaochagua.

Kinachokosekana kikiwa ni ng'ombe, kinakosekana kitu kisichoandikika. Chukua kupima mimba. Unavaa glavu ya plastiki inayofika begani, unapitisha mkono kwenye njia ya haja kubwa, na kupitia ukuta wa utumbo unatafuta mfuko wa uzazi ulio chini yake. Mimba ya miezi miwili ni hivi: pembe moja ya mfuko imejaa zaidi kidogo kuliko mwenzake, ndani kama kuna maji, na ukiibana taratibu unasikia utando mwembamba ukiponyoka katikati ya vidole kabla ukuta wenyewe haujaponyoka. Hayo ndiyo yote. Ukibana zaidi umeharibu mimba. Ukibana kidogo hukusikia kitu, na utamwambia mwenye ng'ombe kuwa mnyama wake ni mtupu, naye atamuuza. Hakuna mhadhara unaofundisha vidole. Vinafundishwa na ng'ombe wa kwanza, wa ishirini, wa mia. Na ng'ombe mmoja wa chuo hawezi kuingizwa mkono na darasa zima asubuhi moja. Baada ya wanafunzi wachache utumbo unavimba, anaanza kutoa damu, na mwalimu mwenye huruma anawaambia waliobaki waandike kwamba wameona.

Sasa njoo Tanga.

Mwaka 1985 ulianza hapa mradi wa ng'ombe wa maziwa kwa wafugaji wadogo, kwa msaada wa Uholanzi. Watu wazima wa Muheza na Pongwe bado wanaukumbuka kwa maneno manne tu: kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Unapewa mtamba mwenye mimba, na unalipa kwa kurudisha mtamba kutoka uzao wako, apewe mwingine. Vyama vya wafugaji vikaungana kuwa chama kikuu kimoja, TDCU, na mwishoni mwa miaka ya 1990 kikaja kiwanda cha Tanga Fresh. Matokeo yake yanaonekana ukipita mitaani alfajiri: banda la mbao nyuma ya jiko, majani ya mabingobingo yamefungwa kwenye baiskeli, dumu la maziwa kwenye mpini. Ng'ombe wa Tanga amekaa ndani ya mji kama mpangaji. Ana jina, ana jirani wa kumlalamikia harufu, na mwenyewe anajua alikula nini jana.

Kwa mwalimu wa tiba ya wanyama hii ni hazina. Simama saa moja asubuhi kwenye kituo chochote cha kukusanyia maziwa. Kwa muda wa saa moja na nusu zitapita mbele yako nyumba kadhaa za wafugaji, kila moja na dumu lake, na kila dumu ni taarifa ya afya iliyoandikwa kwa maziwa. Mpokeaji anachovya laktomita kuona kama yameongezwa maji, anachanganya kidogo na pombe ya maabara kuona kama yataganda. Yakiganda yanarudishwa, na hapo ndipo somo la mwanafunzi lingeanzia. Kwa nini yameganda? Ameyafuata nyumbani mguu kwa mguu. Anachukua kile kisahani cha vikombe vinne, anakamua mikamuo miwili ya kila chuchu kwenye kikombe chake, anaongeza dawa, anazungusha. Vikombe vitatu vinabaki majimaji. Cha nne kinakuwa kama ute wa yai. Mama mwenye ng'ombe anayaona kwa macho yake mwenyewe, na kuanzia siku hiyo anaanza kuamini kwamba kiwele kinaweza kuumwa bila kuvimba. Mwanafunzi naye amejifunza mawili kwa pamoja, ugonjwa wa kiwele na namna ya kumwambia mtu mzima kwamba banda lake lina uchafu bila kumvunjia heshima. Hilo la pili halina kitabu, na wengi wanalikosa mpaka wanastaafu.

Halafu kuna ndigana kali. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ugonjwa huu una jina letu. Wazungu wanauita homa ya pwani ya mashariki, na pwani yenyewe ndiyo hii. Mwishoni mwa karne ya 19 Robert Koch, Mjerumani yule wa kifua kikuu, aliviona vimelea vyake ndani ya damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam, ingawa mwanzoni aliuchanganya na ugonjwa mwingine. Vile vitone vya buluu vinavyoonekana ndani ya seli za tezi hadi leo vinabeba jina lake. Kupe wa kahawia anayekaa sikioni ndiye mbebaji. Ng'ombe wa asili aliyezaliwa katikati ya kupe wengi anavumilia. Chotara wa maziwa anaanza na homa, tezi iliyo chini ya sikio inavimba kama limau, anapumua kwa shida, povu puani, na wiki ya pili au ya tatu mwenye mali anachimba shimo.

Kuutambua mapema si muujiza. Unachoma ile tezi kwa sindano, unapaka majimaji kwenye kioo, unatia rangi, unaweka chini ya hadubini. Kinachotakiwa ni mtu aliyekwisha kuona vioo vya kutosha, asichukue uchafu wa rangi akauita ugonjwa. Kinga nayo ipo: ng'ombe anachomwa vimelea hai kwa kipimo na wakati huohuo anachomwa dawa ya oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu, anaugua kidogo tu, na baada ya hapo ana kinga ya miaka. Ugumu uko kwenye ufungaji. Chanjo inahifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, mrija mmoja una dozi za ng'ombe wengi, na ukishayeyushwa lazima utumike siku hiyohiyo. Kwa mfugaji wa Kimasai wa Kilindi mwenye boma la mamia, hilo halina tabu. Kwa shangazi mwenye ng'ombe wawili, ni lazima kwanza wapatikane majirani kumi na tano wenye ndama, wakubaliane siku, wakubaliane bei, na asitokee wa kughairi asubuhi. Hiyo ni kazi ya kuzunguka mtaa mzima na daftari. Niambie kama kuna zoezi bora kuliko hilo kwa mwanafunzi wa mwaka wa tano.

Na vituo vipo tayari. Wakala wa mafunzo ya mifugo, LITA, wana kampasi yao Buhuri, hapahapa Tanga, wanakofundishwa vijana wa astashahada na stashahada za afya ya mifugo, wenzake bwana mifugo wa shangazi. Taasisi ya utafiti wa mifugo, TALIRI, ina kituo chake Tanga. Wakala wa maabara ya veterinari, TVLA, nao wapo, na wamerithi kituo cha utafiti wa mbung'o, nzi wanaowaambukiza ng'ombe nagana, kituo chenye historia ambayo watu wa mji huu wangejivunia kama wangeijua. Katika miaka ya 1990 madume ya mbung'o yalifugwa Tanga, yakahasiwa kwa mionzi, yakamwagwa Unguja kutoka kwenye ndege ndogo, zaidi ya milioni 8, ili majike wa porini wapandwe bila kuzaa. Mwaka 1996 akanaswa mbung'o wa mwisho wa kisiwa kizima, na hajaonekana tena. Kazi ya kiwango hicho ilifanyika kwenye mji tunaoambiwa kwamba hauna mazingira ya kitaaluma!

Tena Sokoine si mgeni mkoani. Kule Lushoto, kwenye milima ya Usambara Magharibi, chuo kina msitu wake wa Mazumbai, uliokabidhiwa kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968 na familia ya mwenye shamba la chai. Wanafunzi wa misitu wanakwenda kujifunza miti ilipo miti. Hakuna aliyewahi kupendekeza ing'olewe mikamfu ipelekwe Morogoro kwenye vyungu. Kwa nini ng'ombe wawe tofauti?

Ninachopendekeza si kampasi mpya, na neno kampasi lenyewe linanitia hofu. Linaanza na geti, kisha kibao, kisha nyumba ya mkurugenzi, na fedha zinaishia kwenye vigae. Nasema hivi: sehemu ya mwaka wa mwisho ihamie huku kwa zamu, wiki kumi au kumi na mbili kila kundi, chini ya walimu wawili watatu wanaoishi Tanga, siyo wanaokuja Jumatatu na kuondoka Alhamisi. Iwepo wodi ndogo ya ng'ombe, sita hivi, yenye sakafu isiyoteleza, mkanda wa kumnyanyulia aliyelala, na chumba cha pembeni cha mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Kiwepo chumba cha kuchunguzia mizoga na tanuri la kuichomea, maana mzoga ni mwalimu mzuri kuliko wote na ndio tunaoutupa shimoni bila kuufungua. Na magari mawili yenye maji, kamba za uzazi, sindano na taa.

Magari ndiyo moyo wa jambo lote, na ndiyo yatakayokatwa kwanza kwenye bajeti, nawahakikishia. Jengo lina siku ya kukata utepe. Gari lina bili ya dizeli kila mwezi, na hakuna mgeni rasmi anayekuja kukata utepe wa dizeli.

Wiki moja kati ya hizo iwe ya bara: Handeni au Kilindi, kwenye majosho na maboma, ambako hoja si kiwele bali homa ya mapafu, sotoka ya mbuzi na ng'ombe mia tano wanaogombea kisima kimoja. Na siku moja wapelekwe Mkwaja, upande wa Pangani. Palikuwa na ranchi pale tangu 1954, ya kulishia nyama vibarua wa mashamba ya mkonge. Ng'ombe waliishi kwa sindano za nagana, sindano juu ya sindano, karibu nusu karne, mpaka mwaka 2000 ranchi ikafungwa na ardhi ikaingia Hifadhi ya Saadani. Leo wanazunguka tembo mahali palipokuwa na mazizi. Daktari kijana anayeamini kila tatizo lina chupa yake dukani anahitaji kusimama pale dakika kumi.

Wapo watakaonipinga, na baadhi yao wana hoja.

Walimu ni wachache. Ni kweli. Bingwa wa uzazi wa ng'ombe hapatikani sokoni, na ukimhamisha mmoja Tanga umepunguza mmoja Morogoro. Sina jibu la kufunga mdomo wa mtu hapo. Nadhani madaktari wa wilaya na watafiti waliopo Tanga wanaweza kubeba sehemu ya mzigo wakilipwa na kutambuliwa kama walimu, lakini nani atawasimamia hao nao, na kwa kipimo gani, ni kazi ya chuo kukaa chini na kuandika.

Hoja inayonipa shida zaidi haitolewi na maprofesa. Inatolewa na wale wanaoishi kwa kazi hii mitaani, daktari binafsi mwenye duka la dawa na pikipiki, na hata mabwana mifugo wanaopata cha chai baada ya saa za kazi. Gari la chuo likianza kupita likitibu bure au kwa nusu bei, mwaka mmoja tu duka lake limefungwa. Wanafunzi wakiondoka likizo, mtaa hauna wanafunzi wala hauna daktari. Nimeona miradi ya namna hii ikiacha kijiji kibaya kuliko ilivyokikuta. Kwa hiyo gari lisitangulie mbele ya mtu wa mtaani, liende naye. Yeye ndiye apokee simu, yeye ndiye alipwe na mfugaji, na mwanafunzi na mwalimu waje nyuma yake kama nguvu ya ziada. Kichwa kilichogeuka kikimshinda, anampisha mwalimu, mwanafunzi anashika baada ya mwalimu, na yeye mwenyewe bwana mifugo anashika wa tatu. Kwa mpango huo kijana aliyekuja kwa shangazi angekuwa mwanafunzi pia, miaka kadhaa baada ya cheti, bila aibu. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 imeshapanga ngazi, nani daktari na nani msaidizi, na nani afanye nini. Haikukataza ngazi hizo zikutane kwenye banda moja.

Na mwenye ng'ombe je? Nilimuuliza shangazi, nikiwa nimekaa kwenye kibao chake cha kukamulia.

"Watoto wa watu waje wajifunzie kwa ng'ombe wangu?"

"Mwalimu yupo nyuma yao, shangazi."

"Nyuma umbali gani?"

"Hapohapo. Bega kwa bega."

Akafikiri, huku anafuta dumu. "Basi wasije wote. Waje wawili. Na wanawe mikono, mwanangu, maana yule wa mwaka juzi sabuni niliitoa mimi."

Wawili, na sabuni. Sijasoma andiko la mradi lenye masharti ya wazi kuliko hayo.

Niseme pia kuhusu mbwa, kwa kuwa nimewasema vibaya hapo juu. Pwani yetu ni ya Waislamu wengi, na mbwa hakai ndani. Lakini mashambani Muheza mbwa wapo wa kutosha, wanalinda mihogo dhidi ya nguruwe pori na ngedere, na wengi hawana mtu anayewashika shingo. Kichaa cha mbwa hakisubiri sisi tumalize mjadala wa twahara. Inajulikana kwamba ukichanja mbwa 7 katika kila 10, mwaka hadi mwaka, ugonjwa unakatika, na kwamba kuwaua hovyo hakusaidii, kwa sababu nafasi zao zinazibwa na wengine wasiochanjwa. Mwanafunzi aliyelelewa kwenye zahanati ya mbwa wa geti, anayeletewa mnyama amefungwa mnyororo na mwenyewe anambembeleza, atafika shambani akute mzee amesimama mbali, amekunja kanzu, anaonyesha kwa fimbo: "Yule pale ndiye wangu, mshike mwenyewe." Kumshika yule, kwa kitanzi, bila kung'atwa na bila kumdhalilisha mzee, ni ujuzi wa hospitali ya kufundishia sawasawa na upasuaji. Nao haupatikani ndani ya jengo.

Nafahamu mji huu una mambo makubwa ya kuzungumza. Bomba la mafuta linaishia Chongoleani, bandari imechimbwa kina, na kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani ukitaja kiwele cha ng'ombe wanakutazama kama umeleta habari za kijijini kwenye harusi. Lakini maziwa ya chai wanayokunywa hapo yametoka kwenye mabanda ninayoyasema, na pesa yake inaingia mikononi mwa akina mama kila siku.

Waraka wowote wa upanuzi utakaopita mbele yangu nitauruka kurasa za michoro ya rangi, zile zenye miti iliyopandwa na kompyuta na watu wanaotembea bila vivuli. Nitakwenda moja kwa moja kwenye jedwali la matumizi ya kila mwezi. Nitatafuta dizeli. Nitatafuta posho ya zamu ya usiku, kwa maana uchungu wa mtamba huanza baada ya isha. Halafu nitashuka chini kabisa, kwenye vifaa vidogovidogo, nione wameandika glavu ngapi za kufika begani, kwa wanafunzi wangapi.